Commodore 64, ZX Spectrum au BBC Micro: uanze asembli na mashine ipi?

Kwenye Commodore 64, agizo la kuweka namba 5 kwenye rejista A (chumba kidogo cha namba ndani ya prosesa) huandikwa `LDA #5` na hula mapigo 2 ya saa. Kwenye ZX Spectrum agizo hilohilo ni `LD A,5`, nalo hula mapigo 7. Ukiishia hapo utasema Commodore inaiacha Spectrum kwa zaidi ya mara tatu. Lakini saa ya Commodore hupiga karibu mara milioni 1 kwa sekunde, ya Spectrum mara milioni 3.5. Gawanya mbili kwa moja, kisha saba kwa tatu na nusu. Kote unapata maikrosekunde 2.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu kila anayeuliza ajifunzie asembli, lugha ya kuandika maagizo ya prosesa moja kwa moja, kwenye kompyuta ipi ya zamani huishia kusikiliza ugomvi wa prosesa, 6502 dhidi ya Z80. Ni ugomvi mtamu, una zaidi ya miaka arobaini, na hautakusaidia kuchagua. Prosesa yoyote kati ya hizo utaizoea kwa wiki mbili tatu. Kitakachokula jioni zako baada ya hapo ni skrini: baiti ipi, ukiiandika kwenye anwani ipi, inageuka nukta ipi. Kwa hiyo hapa nazilinganisha mashine kwa umbali uliopo kati ya agizo unaloandika na kitu unachokiona.

Nimechukua tatu ambazo zina zana nzuri na maandishi mengi hadi leo. Kwenye jedwali, spraiti ni umbo ambalo chipu ya picha inalichora yenyewe juu ya skrini, na asembla ni programu inayogeuza asembli kuwa namba za prosesa.

| | Commodore 64 | ZX Spectrum 48K | BBC Micro Model B |
|---|---|---|---|
| Mwaka | 1982 | 1982 | 1981 |
| Prosesa | 6510, ndugu wa 6502 | Z80 | 6502 |
| Saa | karibu MHz 1 | MHz 3.5 | MHz 2 |
| RAM | KB 64 | KB 48 | KB 32 |
| Spraiti | 8 | hakuna | hakuna |
| Asembla ndani yake | hakuna | hakuna | ipo |

Herufi zilezile, mara tatu

Kazi ya kwanza iwe ndogo: andika A hadi Z. Kila moja ya mashine hizi ina ROM yenye vipande vya programu vilivyo tayari, na kimojawapo kinajua kuandika herufi. Unaweka msimbo wa herufi kwenye rejista A, unakiita, basi. Commodore kwanza:

```
        * = $c000
        ldx #65
tena    txa
        jsr $ffd2
        inx
        cpx #91
        bne tena
        rts
```

Msimbo unakaa kuanzia `$C000` (alama ya `$` inasema namba ni ya heksadesimali, yaani ya msingi wa 16; BBC huandika `&`), mahali penye KB 4 za RAM ambazo BASIC, lugha inayokupokea ukiwasha mashine, haizigusi. Unauendesha kwa `SYS 49152`. Namba `$FFD2` utaikariri kama namba yako ya simu. Sasa Spectrum:

```
        org 32768
        ld a,2
        call 5633
        ld c,65
tena    ld a,c
        rst 16
        inc c
        ld a,c
        cp 91
        jr nz,tena
        ret
```

Maagizo mawili ya mwanzo yanafungua njia ya kuandikia sehemu ya juu ya skrini. Usipoyaweka, herufi zinaweza kujitokeza kule chini ambako BASIC hupokelea amri. Programu huiita kwa `RANDOMIZE USR 32768`, baada ya `CLEAR 32767` ili BASIC isije ikapanda juu ya msimbo wako. Kuna kitu kidogo hapa ninachokipenda sana: ukiandika `PRINT USR 32768` badala yake, BASIC inakuchapia thamani iliyobaki kwenye jozi ya rejista BC programu iliporudi. Hesabu zako za mwanzo unaweza kuzikagua hivyo bila kuandika hata mstari mmoja wa kuchapisha namba, na kuchapisha namba kwa asembli, niamini, si kazi ya siku ya kwanza.

Na BBC Micro:

```
10 DIM kodi% 50
20 FOR pasi%=0 TO 3 STEP 3
30 P%=kodi%
40 [OPT pasi%
50 LDX #65
60 .tena TXA
70 JSR &FFEE
80 INX
90 CPX #91
100 BNE tena
110 RTS
120 ]
130 NEXT
140 CALL kodi%
```

Angalia vizuri, kwa maana hapa BBC inawaacha wenzake mbali. Hii ni programu nzima. Hakuna asembla ya kutafuta, hakuna faili la kubadilisha umbo. Unawasha mashine, unaandika mistari kumi na minne, unaandika `RUN`. Mabano ya mraba yanaiambia BASIC kwamba kilicho ndani ni asembli. Kitanzi cha `FOR` kinapitia msimbo mara mbili, ili lebo inayotajwa kabla haijafikiwa ipate anwani yake kwenye mzunguko wa pili. Na kwa kuwa lebo ni vigeu vya kawaida vya BASIC, unaweza kuandika `LDA #ASC"A"`, au kutumia kitanzi cha BASIC kurudia agizo moja mara hamsini. Aliyeiandika BASIC hiyo ni Sophie Wilson wa Acorn, huyohuyo aliyekuja kubuni maagizo ya prosesa ya ARM, na jaribio la kwanza la maagizo hayo alilifanya kwa kuyaigiza ndani ya BBC BASIC. Ukiwa na simu mfukoni, kuna uwezekano mkubwa unatembea na mjukuu wa kazi hiyo.

Prosesa, tusikae sana

6502 ilitoka 1975 kwa bei ya dola 25, wakati washindani wake waliuzwa ghali mara kadhaa, ndiyo maana ikaenea kwenye kompyuta nyingi za nyumbani. Ina maagizo 56 na rejista tatu za kufanyia kazi: A, X na Y, kila moja biti 8. Z80 ilitoka mwaka uliofuata, na Zilog yenyewe huhesabu aina 158 za maagizo. Ina A, B, C, D, E, H, L, nakala ya pili ya hizo zote, na juu yake IX na IY.

Tofauti utaihisi siku utakapotaka kuongeza 40 kwenye anwani ya biti 16. Kwa Z80 ni maagizo mawili:

```
        ld de,40
        add hl,de
```

Kwa 6502 ni saba, kwa sababu inakula baiti moja moja:

```
        clc
        lda chini
        adc #40
        sta chini
        lda juu
        adc #0
        sta juu
```

Hiyo `clc` ndiyo inayowatesa wageni wa 6502. Prosesa hii haijui kujumlisha kusikobeba. Kila jumla inaongeza na kile kilichobaki kwenye bendera ya kubeba, kama vile mtoto anayeandika 3 na kubeba 1 kutoka hesabu ya jana. Ukisahau kuifuta, jibu linazidi kwa 1, tena si kila mara. Utatafuta kosa usiku kucha. Kwenye kutoa mambo yanageuka: unaiwasha bendera kwa `sec` kabla ya `sbc`.

Usidhani Z80 ndiyo nyepesi basi. Ina tabia za kuchagua. `LD A,(23624)` inakubalika, `LD B,(23624)` haipo. Kunakili HL kwenda BC kwa agizo moja, haipo pia. Unaandika `LD B,H` kisha `LD C,L`. Mwezi mzima wa kwanza utaandika maagizo ambayo asembla itayakataa, na kila mara utahisi umeonewa. 6502 ina machache, lakini machache hayo unayashika yote kichwani.

Ninavyoona mimi, 6502 unaifahamu haraka na Z80 unaiandika haraka. Tofauti hiyo haitoshi kukufanya ununue au uache mashine.

Skrini ndiyo yenye neno

Jaribu kuijaza skrini yote. Commodore katika hali yake ya kawaida ina skrini ya herufi, safu 40 kwa mistari 25, yaani baiti 1000 kuanzia `$0400`. Rejista X inafika 255 tu, kwa hiyo skrini inagawanywa vipande vinne:

```
        ldx #0
        lda #1
jaza    sta $0400,x
        sta $0500,x
        sta $0600,x
        sta $06e8,x
        inx
        bne jaza
        rts
```

Kipande cha nne kinaanza `$06E8` badala ya `$0700` ili kiishie hasa kwenye baiti ya mwisho ya skrini. Kikizidi, kitachafua viashiria vya spraiti vilivyokaa jirani. Mzunguko mmoja ni mapigo 25, mizunguko ni 256, jumla 6,400. Fremu moja ya picha kwenye Commodore ya mfumo wa televisheni wa PAL ina mapigo 19,656. Skrini yote imejaa herufi A, na theluthi mbili za fremu bado unazo.

Spectrum haina skrini ya herufi. Ina nukta tupu, 256 kwa 192, ambazo ni baiti 6,144 kuanzia 16384. Z80 inayo dawa ya kazi hii:

```
        ld hl,16384
        ld de,16385
        ld bc,6143
        ld (hl),255
        ldir
        ret
```

`LDIR` inanakili baiti kutoka HL kwenda DE mpaka BC iishe. Maridadi kabisa. Lakini kila baiti ni mapigo 21, na jumla inakaribia 129,000, wakati fremu ya Spectrum ina mapigo 69,888. Umekula karibu fremu mbili kujaza skrini rangi moja, na mchezo wako bado hujauanza.

Sasa gawanya kwa baiti. Spectrum: mapigo 21 kwa MHz 3.5 ni maikrosekunde 6. Commodore: mapigo 25 kwa baiti 4, saa yake ikiwa MHz 0.985, ni kama maikrosekunde 6.3. Prosesa ziko bega kwa bega. Kilichotofautiana ni kwamba mashine moja ina baiti 1000 za kugusa na nyingine ina zaidi ya elfu sita. Ndiyo maana nikasema ugomvi wa prosesa uuache.

Halafu kuna mpangilio. Kwenye Commodore, herufi iliyo chini ya hii iko anwani 40 mbele, mtoto anaelewa. Kwenye Spectrum, mstari wa nukta ulio chini ya huu uko anwani 256 mbele, lakini ndani ya kimo cha herufi moja tu, yaani mistari 8. Baada ya hapo inabidi urudi nyuma na kusogea 32. Ukimaliza theluthi ya skrini, hesabu inabadilika tena. Aliyewahi kuona picha ikipakiwa kutoka kaseti anakumbuka: mistari inajichora kwa kurukaruka, theluthi baada ya theluthi, kama mtu anayefuma mkeka kwa kuacha ukili kati. Faida ya fujo hiyo ni kwamba ndani ya herufi unashuka mstari kwa agizo moja la baiti moja, `INC H`. Ndivyo herufi zinavyochorwa kwa kasi. Siku utakapoelewa kwa nini, utakuwa umeelewa anwani za biti 16 kuliko vitabu vingi vinavyoeleza.

Ukichagua Spectrum, nakushauri ujifiche kwanza kwenye rangi. Kuanzia 22528 kuna baiti 768, moja kwa kila kisanduku, 32 kwa 24, kila moja ikibeba rangi ya wino na ya karatasi. Hizo zimepangwa mstari kwa mstari bila hila.

```
        ld hl,22528
        ld (hl),16
        ret
```

Kisanduku cha kona ya juu kushoto kimekuwa chekundu. Mchezo wa nyoka unaweza kuuandika wote kwa visanduku hivyo bila kugusa nukta hata moja. Kwa baiti 768, `LDIR` inamaliza kwa takriban robo ya fremu, na ghafla Spectrum inaonekana na mbio.

Bei ya mfumo huo wa rangi anaijua kila aliyecheza michezo ya Spectrum: kisanduku kina rangi mbili tu, hivyo mhusika anapopita mbele ya mti, mti unavaa rangi yake.

Kwenye Commodore tatizo hilo halikupati mapema kwa sababu ya spraiti. Chipu ya picha, VIC-II, inachora maumbo 8 ya nukta 24 kwa 21 juu ya skrini bila prosesa kusumbuka:

```
        lda #13
        sta $07f8
        lda #1
        sta $d015
        lda #100
        sta $d000
        sta $d001
        rts
```

Namba 13 inasema umbo liko kwenye kipande cha 13 cha baiti 64, yaani anwani 832, ndani ya eneo ambalo kaseti hulitumia kupokelea data. Kama hujaweka umbo lako hapo utaona takataka, lakini ni takataka inayokaa mahali ulipoiambia ikae. Badilisha `$D000` kwenye kitanzi na inatembea. Kwenye Spectrum, kufika hapo ni wiki nzima: kuhifadhi kilichokuwa nyuma, kuchora, kufuta, kurudisha, na kusogeza biti ili umbo lisitembee kwa kuruka nukta 8 kila mara.

Mtego mmoja: baiti moja inafika 255, skrini ya Commodore ina upana wa nukta 320. Spraiti yako ikivuka 255 itaruka na kurudi kushoto. Biti ya tisa ya kila spraiti inakaa peke yake kwenye `$D010`. Kila mtu huangukia humo mara moja.

BBC iko katikati. Kwenye MODE 7, hali yake ya maandishi, skrini ni KB 1 tu kuanzia `&7C00`, na ukiandika 65 hapo unaona A. Ila baada ya skrini kupanda juu, kona haiko tena `&7C00`, kwa hiyo anza na `MODE 7` upya kabla ya kulaumu msimbo wako. Hali zake za picha ni nzuri lakini tatu kubwa kati ya hizo zinakula KB 20 kati ya KB 32 ulizo nazo, na kwenye MODE 2 nukta mbili zinagawana baiti kwa biti zilizopishana kama meno ya zipu. Sauti sitaigusa, isipokuwa kusema kwamba kama muziki ndio uliokuvuta, chipu ya SID ya Commodore imeshakuchagulia.

Kama ni mimi nakuchagulia

Hujawahi kuandika agizo hata moja, na unataka kujua kama jambo hili linakufaa kabla ya kulipa muda wako? BBC Micro, kupitia jsbeeb, emuleta (programu inayoigiza mashine ya zamani) inayoendeshwa ndani ya kivinjari. Programu ya A hadi Z unaweza kuwa nayo ndani ya dakika kumi. Kosa la tahajia linakuja na namba ya mstari, kosa la hesabu unalichungulia kwa BASIC. Hakuna mashine ya enzi ile inayokuwekea njia fupi hivyo.

Unajua tayari unataka kutengeneza mchezo? Commodore 64. Spraiti na skrini ya herufi zinakupa kitu kinachotembea mapema, na mtu anayeona kitu kinatembea harudi nyuma. Ubaya wake ni kwamba baada ya miezi michache utagundua umejifunza VIC-II kuliko 6502. Nusu ya msimbo wako ni kuandika namba kwenye `$D0` hii na `$D0` ile.

Spectrum ni ya yule anayetaka kuufikia mfupa. Hakuna chipu ya kukusaidia, kila nukta umeiweka wewe. Inachosha, na ukitoka hapo hakuna mashine itakayokutisha. Mimi nilianzia hapo na sijutii, ingawa nikimshauri mtu mwingine mara nyingi namwelekeza Commodore.

Mashine nyingine kwa kupita tu. Apple II ya 1977 ina kichunguzi cha kumbukumbu ndani yake, unakiingia kwa `CALL -151`, lakini picha zake zina mpangilio unaoifanya Spectrum ionekane nyoofu. MSX ni Z80 ile ile, ila kumbukumbu ya picha imefichwa nyuma ya chipu yake, unaipenyezea baiti kupitia milango `$98` na `$99`. Wengine wanaipenda kwa sababu ina spraiti. Amiga ya 68000 ina asembli iliyonyooka kuliko hizi zote, rejista kumi na sita za biti 32, ila mashine yenyewe ni kubwa kwa mtu wa wiki ya kwanza. Iache iwe ya pili.

Uandikie wapi

Hata kama mashine halisi unayo mezani, anza na emuleta. Sababu ni moja: kichunguzi. VICE kwa Commodore na Fuse kwa Spectrum vinakuruhusu kusimamisha prosesa katikati, kusoma rejista, kisha kusonga agizo moja moja. Enzi zile programu ikiganda ulizima, ukawasha, ukapakia upya kutoka kaseti. Ilifundisha uvumilivu, si asembli.

Asembla unaiendesha kwenye kompyuta ya kisasa. Kwa 6502 kuna ACME na 64tass, zote nyepesi. KickAssembler ina uwezo zaidi lakini inahitaji Java. Kwa Spectrum, Pasmo ni rahisi kuanza nayo, na sjasmplus ndiyo utakayohamia, kwani inakuandalia na faili la `.sna` au `.tap` lenyewe. Ukitaka kubaki na BBC lakini uachane na kuandika ndani ya BASIC, ipo BeebAsm.

Mtego wa Commodore hapa ni faili la `.prg`. Baiti zake mbili za mwanzo si programu, ni anwani ya kupakia, baiti ya chini ikitangulia: kwa `$C000` ni `00 C0`. Ukipakia kwa `LOAD "HERUFI",8` bila `,1` mwishoni, mashine inaidharau anwani hiyo na kuliweka faili kwenye eneo la BASIC. `SYS 49152` itakimbilia mahali patupu na wewe utaanza kusoma msimbo ambao hauna kosa.

Mitego ya Spectrum ni ya aina nyingine. Usiguse rejista IY kama unategemea ROM. ROM inaitumia kila katizo, yaani kila prosesa inapokatizwa kidogo ili kusoma kibodi, mara 50 kwa sekunde, na inaitarajia iwe 23610. Weka msimbo juu ya 32768, kwa sababu RAM iliyo chini ya hapo inagombaniwa na chipu ya picha na mapigo uliyoyahesabu hayatalingana na unayoyaona. Na usisahau `RET`. Mimi niliisahau kwenye programu ya mistari minne. Prosesa ilipita mwisho wa msimbo wangu ikaendelea kusoma chochote kilichofuata kana kwamba ni maagizo, ukingo ukajaa michirizi, kisha skrini ikawa nyeupe ikiwa na maandishi chini: © 1982 Sinclair Research Ltd. Kila kitu nilichokuwa sijahifadhi kilikwenda.

Kwenye 6502 kosa kama hilo mara nyingi linatoka kwenye ukurasa wa sifuri, baiti 256 za mwanzo wa kumbukumbu ambazo prosesa inazifikia haraka na ambazo unazihitaji kama viashiria. BASIC na KERNAL (programu za mfumo zilizo kwenye ROM) za Commodore zimezijaza karibu zote. Zilizo salama kwa anayeanza ni nne, `$FB` hadi `$FE`, yaani viashiria viwili. Vinatosha kwa mengi.

Jaribio moja ufanye kwenye Commodore na Spectrum, maana rangi namba 2 ni nyekundu kote. Commodore: `lda #2`, `sta $d020`, `rts`. Spectrum: `ld a,2`, `out (254),a`, `ret`. Ukingo wa skrini unakuwa mwekundu. Kwenye Commodore unabaki hivyo. Kwenye Spectrum, bonyeza kitufe chochote na wekundu unatoweka, kwa sababu ule mlio mdogo wa kitufe unapita kwenye mlango huohuo wa 254, na ROM ikitoa mlio inarudisha rangi iliyoiandika kwenye anwani 23624. Weka 2 kwenye A, uite `call 8859` badala ya `out`, na rangi itabaki.